Dkt. Vânia Germano Nantimbo (1984–2025): Aliyeutuliza Mwanga wa Eksirei

Ndugu, jamaa na majirani wa Palma, tunayemsindikiza leo ni Vânia, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Germano Nantimbo na Mama Luísa. Wasifu huu unasomwa na mdogo wake, Hélio.

Alizaliwa hapa Palma tarehe 14 Mei 1984, wazazi wake walipokuwa wameteremka kutoka Mueda kutafuta maisha. Shule ya msingi alisoma hapa hapa, sekondari Pemba, kisha fizikia katika chuo kikuu Maputo. Mwaka 2009 alipata bolsa, yaani ufadhili wa masomo, Lisbon, na mwaka 2014 akahitimu udaktari wa fizikia.

Alibaki huko akifanya kazi katika maabara ya plazma, yaani gesi iliyochajiwa umeme. Mashine zinazosukuma elektroni ili zitoe leza ya eksirei huwa ndefu hata kilometa nzima. Vânia na wenzake walitaka kutengeneza ndogo ya kuenea chumbani, ili hata vyuo vya nchi kama yetu viweze kuwa nayo. Likizo moja Mama alimwuliza kazi yake ni nini hasa.

"Tunapiga leza kwenye gesi, mama. Gesi inachafuka, inafanya wimbi, na vijipande vya umeme vinapanda lile wimbi."

"Vikishapanda?"

"Vinakimbia sana, halafu vinatoa mwanga wa kuonea ndani ya dawa, hata ndani ya vijidudu."

"Basi viambieni vitulie."

"Ndiyo kazi yenyewe, mama. Havitulii."

Tarehe 18 Agosti 2012 alifunga ndoa kanisani Pemba na Jaime Muatuca, mwalimu. Mungu aliwajalia binti, Jéssica.

Machi 2021 Palma iliposhambuliwa, simu zilikatika na Mama hakujulikana alipo. Wiki hiyo hiyo maabara ilikuwa tayari kwa jaribio lililongojwa miaka, na Vânia ndiye aliyepangwa kuliongoza. Mkuu wake alimwambia, "Ukiondoka, hatutaweza kukungoja."

"Msiningoje," alijibu.

Alipanda ndege hadi Pemba, akazunguka nyumba kwa nyumba, akiuliza kwa kila aliyepokea wakimbizi. Alimkuta Mama kwa Bwana Cassimo, mtu asiyetujua kabisa, aliyemchukua alipoteremka melini, miguu imevimba. Vânia alikuwa akimkanda miguu ujumbe ulipofika kwamba mwanga umewaka bila yeye. Alilia, na Mama akadhani kuna msiba mwingine.

"Hapana, mama. Wamefaulu."

Alirudi kazini akawa chini ya aliyeshika nafasi yake, wala hakununa. Baadaye alikabidhiwa kazi ngumu zaidi, ya kulituliza lile wimbi la plazma. Mwaka 2024 mwanga ulikaa kutwa nzima bila kuyumba. Siku hiyo alimpigia Mama simu kwanza, ndipo akamwambia mumewe.

Januari 2025 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Matibabu yaliposhindwa aliomba arudishwe Palma, ambako Mama alikuwa amesharudi na kujenga upya. Alifariki Jumapili, tarehe 9 Novemba 2025, asubuhi, Mama akimlisha uji.

"Umeshiba?" Mama alimwuliza.

"Nimeshiba. Sasa kula wewe."

Ameacha mama yake, mume, binti, na mimi mdogo wake. Mungu ampokee, na pumziko lake liwe la amani.