Nani Kaua Samaki wa Kinyozi

Benchi la mbele ya saluni lina miguu mitatu na tofali moja, na wenyewe wamelizoea. Saa mbili asubuhi kahawa inakuwa imeshachemka na kila mtu yuko mahali pake: Wakili, fundi viatu ambaye mahakamani aliwahi kuingia mara moja tu, kukwepa mvua, na Redio, mpaka rangi ambaye habari humfikia kabla hazijatokea. Mwenye saluni, Kinyozi, kwa kawaida huja akipiga mluzi. Siku hiyo alikuja kimya, akafungua kufuli, akaketi kati yao bila hata salamu. Samaki wake wote tisa walikuwa wamekufa.

Benchi zima liliwajua wale samaki, samaki wa dhahabu aliowafuga mwaka wa pili huu kwenye tangi la kioo sebuleni kwake. Kila aliyekaa kunyolewa alisimuliwa habari zao, apende asipende.

— Wote tisa? aliuliza Wakili.

— Wote. Nimeamka nimewakuta wanaelea, matumbo juu. Jana mchana walikuwa wazima, wanacheza.

— Hapo kuna mkono wa mtu. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Tisa hawafi pamoja bila mpango.

Redio alipinga. Kwake yeye mkosaji alikuwa mnara wa simu uliosimikwa nyuma ya soko. Mawimbi yanapenya ukutani, yanapasha maji moto pole pole, samaki anaiva na mwenye nyumba hasikii hata harufu. Wakili akamuuliza mbona wenye nyumba wenyewe hawajaiva. Redio akasema wanaiva, ila taratibu. Ndiyo maana watu siku hizi hawana subira. Alipoona hilo halikushika akaleta jingine: samaki wa kwenye kioo kumbukumbu yake ni ya dakika moja, basi huenda usiku ule walisahau kupumua.

— Wasahau wote kwa mpigo?

— Umoja ni nguvu, alisema Redio.

Kinyozi hakucheka. Hasira ni hasara, walisema wahenga, lakini mwenye hasira hana nafasi ya kuwasikiliza wahenga.

— Acheni mnara wenu, alisema. Muuaji ninaye nyumbani.

Wakaelewa. Mama mkwe wake alihamia kwake mwezi wa tatu huu, tangu baba mkwe afariki. Mama mpole, na kosa lake ni moja: hawezi kuona kiumbe hajala. Kila akipita kwenye tangi alitupia makombo ya mkate. Kinyozi alishamkataza mara mbili kwa adabu, na ya tatu kwa adabu kidogo. Asubuhi ile alimkuta amesimama mbele ya tangi, kipande cha mkate mkononi, anamwambia pole baba, wamekuwaje hawa?

— Kikulacho ki nguoni mwako, alisema Wakili. Mkate wa juzi ukilowa ni saruji hiyo. Samaki wanameza, tumbo linaganda. Na sababu anayo: anataka tangi liondoke, aweke kiti chake dirishani.

Redio aliutupa mnara wake hapo hapo. Akasema mama wakwe wa mtaa ule wana chama chao, wanakutana kwa zamu, na kazi huanza na vidogo. Leo samaki, kesho redio ya mwenye nyumba, keshokutwa unaambiwa ulale kochini. Kinyozi akatikisa kichwa kukubali. Kila neno lilikuwa kuni kwenye moto wake, na alilipokea kwa shukrani.

— Nimemwambia ukweli wake, alisema. Nimemwambia, mama, kila unayemlisha wewe anakufa.

Muuza kahawa aliacha kumimina. Marehemu baba mkwe alilala kitandani miaka miwili, na yule mama ndiye aliyemlisha uji kwa kijiko mpaka siku ya mwisho. Hakuna asiyelijua hilo pale mtaani. Lakini Wakili hajui kunyamaza, akasema msema kweli mpenzi wa Mungu, na Kinyozi akaling'ang'ania hilo.

— Naye akasemaje? aliuliza Redio.

— Kaweka mkate mezani, kaingia chumbani kwake.

Mwisho wa benchi alikuwa ameketi fundi bomba, mgeni pale, anasubiri duka la vipuri lifunguliwe. Muda wote huo alikuwa akinywa kahawa yake tu.

— Samahani ndugu zangu, alisema. Hilo tangi lilioshwa lini?

— Jana jioni. Nimeliosha mwenyewe, kioo, mawe, mpaka sponji ya pampu. Mimi na uchafu hatupatani.

— Ulitumia nini?

Kinyozi alionyesha kwa kidole rafu ya ndani ya saluni, ilipo chupa ya dawa ya buluu anayolowekea vitana na mashine. Ndiyo anayoisifia kwa kila mteja, kwamba humo hakuna kijidudu kinachotoka hai.

— Ukasuuza?

— Dawa hii haisuuzwi, alisema, kama anavyowaambia wateja. Ukiisuuza unaiondolea nguvu.

Kisha akakisikia mwenyewe alichokisema.

Alitaka kumkasirikia fundi bomba, hakupata pa kumshikia. Akamgeukia Wakili, wewe na kikulacho chako, na Wakili akasema yeye ametoa maoni tu. Akamgeukia Redio, Redio akainama kufunga kamba ya kiatu. Hasira ikakosa mtu wa kumwangukia, ikambakia mwenyewe kifuani, na ilikuwa kubwa kuliko alivyokuja nayo.

Simu yake iliita. Alikuwa mkewe, muuguzi, aliyetoka kwenda kazini alfajiri kabla ya yote haya. Jirani amempigia: mama katoka na begi lake, kamwachia ufunguo, hakusema anakwenda wapi, na simu yake haipatikani. Mkewe aliongea taratibu, na hilo ndilo lililomtisha Kinyozi.

— Umemwambia nini mama yangu?

Kinyozi aliwatazama wenzake mmoja mmoja. Wakili alichungulia ndani ya kikombe kilichokwisha kahawa.

— Nakuuliza, alisema mkewe. Umemwambia nini?