Fundi Ambindwile na Bar Mia Mbili na Kumi

Ndugu zetu mliokanyaga matope ya Bulyaga hadi hapa, poleni na asanteni, familia inawasomea habari za mpendwa wetu Ambindwile Mwasomola, na mkisikia tumeongeza chumvi kijiko kimoja, mjue marehemu mwenyewe angemwaga gunia.

Alizaliwa Suma tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa nne wa mzee Lukasi, akasoma hukohuko hadi darasa la saba mwaka 1976, akaishia hapo, lakini kwa hesabu za presha ya mafuta ya mashine toka Tunduma hadi Dar hakuna injinia aliyemsogelea.

Mwaka 1978 aliajiriwa kwenye kiwanda kimoja cha chai kupaka mashine mafuta, akaiba ujuzi kwa macho, na mwaka 1996 akafungua gereji yake hapa Bulyaga, ya jeki, tipa na vijiko vya kuchimbia barabara, ukutani akaandika kwa chaki kwamba nguvu ni presha mara eneo, na kwamba bar moja ni PSI kumi na nne na nusu, maana geji za kupimia presha nyingine husoma bar na nyingine PSI. Kwa pistoni ya sentimita kumi alichukua kipenyo mara kipenyo mara 0.785, akazidisha kwa bar 210, akakutajia tani kumi na sita na nusu hujafungua hata simu yako, na akizitaja hizo tani Mlima Rungwe wenyewe ulikuwa unajikaza.

Tarehe 6 Septemba 1986 alifunga ndoa na Sekela, wakajaliwa watoto watatu, Godwin, Agness na Tulia, na huyu Tulia wa mwisho ndiye aliyekulia kwenye mafuta ya gereji.

Juni 2023 alianza kuugua figo, ila kilichomchoma kuliko sindano ni wateja waliosema wazi kwamba mzee akiondoka watahamia Mbeya, hawamwachii binti mashine, akawa analala hospitali anauliza gereji itakuwa ya nani.

Tarehe 21 Novemba 2024 kijiko cha bwana Hasheem, mteja wetu, kiligoma Isongole, hakinyanyui hata kiroba cha viazi, fundi mgeni alikuwa amesoma kwenye kitabu bar 210, akaweka geji kwenye 210, Tulia akaitwa, akafika na bodaboda, akachungulia maandishi madogo ya ile geji, akamwambia Hasheem mbele ya watu, "Baba, hii geji ni ya PSI, mmeinywesha mashine uji mnategemea ilime." Akapandisha taratibu hadi PSI 3,045, kijiko kikanyanyua jiwe ambalo Isongole nzima ilidhani ni sehemu ya dunia.

Akampigia baba yake kumsimulia, na marehemu aliuliza kitu kimoja tu, "Umezidisha kwa ngapi?" Binti akajibu, "Kumi na nne na nusu, baba." Mama yetu Sekela anasema usiku ule mzee alilala bila kuuliza tena habari za gereji.

Alifariki Jumapili tarehe 2 Februari 2025, saa kumi na moja alfajiri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Bulyaga, mafundi wenzake, na bwana Hasheem, ambaye jana, msiba ukiwa bado mbichi, alimuuliza Tulia amletee lini tipa lake. Gereji inafunguliwa Jumatatu, funguo anazo Tulia.

Ambindwile, kazi ina mwenyewe, pumzika sasa kwa amani yako yote.