Hatua ya Tatu Si Kupiga Hatua

Mama zangu, dada zangu, na nyinyi mababa mliojibanza kule mlangoni, asalaam aleikum. Na walio wa kanisa, Bwana asifiwe. Maradhi hayaulizi dini. Shule mimi niliishia kuandika jina langu, lakini kusema najua, basi nivumilieni.

Pua hii mnayoiona ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Mimi ni mpika udi, hapa hapa Likoni. Bibi harusi hatoki ndani mpaka ninuse udi wake niseme, "Huu umeiva." Basi tundu moja likaziba, la kushoto. Nikasema mafua. Likatoa damu, nikasema joto. Jicho likachuruzika machozi bila ya kilio, nikasema vumbi. Ndugu zangu, kila kitu nilikuwa na jina lake.

Aliyenishika mkono ni mjukuu wangu. Nimemlea mimi, yuasoma uuguzi, na nikijisifu niacheni nijisifu. Tukavuka ng'ambo hospitali, nikakatwa kipande cha nyama ndani ya pua kikapimwe, nikapigwa picha ile ya kulazwa kwenye mashine. Siku ya majibu yeye ana mtihani, nikaenda peke yangu. Daktari, kijana wa bara mwenye adabu zake, akaniambia, "Mama, ni saratani ya pua na vyumba vyake vya ndani. Ni nadra. Imefika hatua ya tatu. Tukupasue mapema."

Saratani niliisikia, moyo ukanianguka. Lakini nikasikia na hatua ya tatu. Hebu niambieni, kwetu sisi mtu akipiga hatua si maendeleo? Nikajiambia, kumbe nimo njiani kupona, kisu cha nini? Nikarudi nyumbani nikakaanga mahamri, nikaita majirani, vigelegele.

Mjukuu akaingia. "Nyanya, kuna harusi?"

"Niko hatua ya tatu, mwanangu! Kisu nimekikataa."

Akakaa pale pale juu ya mbuzi ya kukunia nazi. "Nyanya, hizo hatua si zako. Ni za ugonjwa. Ndio unaotembea."

Watu wakaacha kutafuna. Jirani yangu mmoja, mdomo mpana, akauliza, "Sasa hamri hili nilimeze ama nilirudishe?"

Nikacheka, wallahi, nikacheka mpaka nikalia.

Tukarudi kwa daktari, sisi wawili. Akanieleza kama anayemweleza mamake. Hatua ya kwanza, mwizi yumo chumba kimoja. Ya pili, ameingia cha pili. Ya tatu, yuabomoa ukuta wa jicho. Ya nne, amelivamia jicho ama yuaelekea ubongo. Nikamwuliza bila haya, "Nitakufa?"

"Siwezi kukuahidi kitu, mama. Katika hatua hii wako wanaopona, wako ambao ugonjwa huwarudia, zaidi miaka ya mwanzo. Lakini ukikaa nyumbani, mwisho wake naujua. Na ukipasuliwa, harufu huenda usiisikie tena."

Hilo la harufu ndilo lililonikata maini. Nikasaini.

Nikapasuliwa, nikachomwa miale mpaka mate yakanikauka. Jicho limebaki. Bado naenda kuangaliwa, na kila nikienda roho i mkononi. Harufu haikurudi. Ndugu zangu, nawaambia, sijui kama kuna kiu kama hii. Natamani asumini. Natamani nazi ikichemka. Hata mtaro wetu ule wa uvundo, wallahi nautamani.

Nawashukuru nyinyi mlionipikia uji nilipokuwa siwezi kumeza. Namshukuru daktari ambaye hakunidanganya. Na ninalowaachia ni hili: tundu moja likiziba likakataa kuzibuka, likitoa damu, usilipe jina. Nenda. Na ukiambiwa neno, uliza maana yake, hata liwe neno ulijualo tangu utotoni.

Mjukuu wangu sijui nimshukuru vipi. Marehemu mume wangu aliacha kanzu moja sandukuni, sijaifua tangu afe. Kila Ijumaa nilikuwa nikiinusa. Juzi nikaitoa, nikaibandika usoni, patupu. Nikampa yeye. "Nusa, uniambie."

"Yanuka udi, nyanya."

"Kunuka ni kwa samaki. Sema yanukia."

"Yanukia udi. Na jasho, kidogo, hapa kwenye kola."

Nikamwambia, "Hilo jasho ndilo. Endelea."