Kocha Renzo na Sombe ya Jumapili

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Renzo Baldassi, Mwitalia, kiungo wa zamani, kocha wa kwanza wa timu ya soka ya Ruzizi. Alifariki juzi hapa Brussels. Tumezungumza na mjane wake, Régine, mzaliwa wa Bukavu. Ametuomba tusimpake mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

Renzo alikuja Ubelgiji kucheza katika klabu ndogo ya Uccle. Mbio hakuwa nazo, Régine mwenyewe anacheka akisema hivyo, lakini pasi zake zilifika. Goti lilipomgomea, akageukia ukocha. Mwaka 1993 aliwakuta vijana wa Kivu wakipiga mpira mtaani Anderlecht bila viatu vya maana, akawafanya timu. Narudia: aliwafanya timu. Kabla yake hapakuwa na Ruzizi.

Nahodha wake alikuwa Séraphin. Kila Jumapili, baada ya mechi, Séraphin alikula sombe, yaani kisamvu, kwa Renzo. Alimwita papa, yaani baba. Renzo hakujaliwa mtoto, na neno hilo lilimlewesha.

Mwaka 1996 timu ilipanda daraja. Viongozi wa kamati wakataka kocha mwingine. Walikutana Jumamosi bila Renzo, wakamchagua Séraphin, naye akakubali.

"Na dimanche akakuya kukula," anasema Régine, yaani Jumapili, kesho yake. "Akaomba sombe tena. Akacheka na bwana yangu. Donc alijua, na alikula! Angesema tu, 'Papa, batu bamekuondoa.' Ni hiyo tu."

Hakusema. Jumanne Renzo alifika uwanjani na gunia la mipira begani. Wachezaji walikwishaanza mazoezi. Mwenye filimbi alikuwa Séraphin.

"Coach, ni comité ilidécider," alisema, macho chini, yaani kamati ndiyo iliyoamua.

Renzo akatua mipira, akarudi nyumbani. Kufukuzwa si ajabu, makocha hufukuzwa. Kilichomchoma ni ile Jumapili. Alimuuliza mkewe, "Alinionea aibu, au aliniona mjinga?" Siku moja, pale Porte de Namur, wanapokutana Wakongo wa Brussels, wachezaji walimwona kwa mbali wakavuka barabara kumkwepa. Renzo hakufundisha tena. Mwaka jana alipolazwa, hakuna mchezaji hata mmoja aliyekwenda kumjulia hali. Ni aibu, wasikilizaji, na tunaisema ilivyo.

Tangu asubuhi rambirambi zinaingia hapa studioni kwa simu. Moja ni ya Séraphin. Anasema: "Nimempoteza papa yangu." Tulimuuliza Régine kama tuisome. Akasema, "Musome. Lakini mbele ya kusoma, museme alifanya nini."

Tumesema.

Pole sana, maman Régine. Poleni jamaa wote wa marehemu, hapa na Italia. Nawe unayetusikiliza, kama kuna mtu umekula kwake huku umemficha jambo, mpigie simu leo, wakati angali hai na aweza kukukasirikia.

Maziko ni Jumamosi. Séraphin, Régine amesema uje. Utakaa na wengine, utalia na wengine. Ila jeneza, amesema, usiliguse.