Ijumaa Ambayo Hakuna Jani Lililosogezwa

Anayeandika haya ni Zacharie wa Vällingby, mtu ambaye akishikwa na mafua makumbusho yetu hapa Stockholm hufikiria kufunga milango. Mkurugenzi hajawahi kulisema, lakini anavyonipungia mkono inaonekana. Kwa hiyo ni haki yangu kuwatangazia kwamba Mama Célestine wa Jordbro, mzaliwa wa Bukavu, amestaafu kazi ya usafi tarehe 30 Septemba 2011, baada ya miaka kumi na minne.

Alianza mwaka 1997 akiwa na ndoo, Kifaransa kizuri na maneno sita ya Kiswidi. Alipopewa bustani ya nyuma, yenye ile nyumba ndogo ya chai ya Kijapani, wengi walimpa pole. Mimi peke yangu niliona mbali. Nilimpa pole pia, lakini kwa sauti ya chini.

Kila Ijumaa Mwalimu Fumiko huja kuwakaribisha wageni chai ya unga wa kijani, isiyo na maziwa wala sukari, inayokorogwa kwa kijifagio cha mwanzi. Ni mambo ya kale: watawa waliitoa chai Uchina wakaipeleka Japani, na baadaye hata askari wenye vyeo waliacha panga zao nje, wakapita kwa magoti kwenye kimlango kidogo, ili ndani asiwepo mkubwa wala mdogo. Mama alisema kimlango hicho kingefaa sana kwenye harusi zetu.

Njia ya kufika mlangoni ndiyo iliyomtesa. Fumiko alimweleza kwamba inafagiwa, kisha majani machache yanaachwa, kama mti wenyewe ulivyoyaangusha. Mfagiaji gani anaacha majani? Mama akayapanga kwa umbali sawasawa, kama sahani za wageni. Fumiko akapita, akainama, akasogeza moja. Ijumaa iliyofuata, moja tena. Kila alipokaribishwa ndani Mama alikataa: ataketi siku Fumiko atakapopita bila kugusa jani. Fumiko alicheka, akasema basi watazeeka wote wawili. Watoto wa Mama walimwambia kwa Kiswidi kwamba hayo ni majani tu. Akawajibu kwamba na hizo zao ni nywele tu, mbona aliwachana kila asubuhi.

Ikabaki Ijumaa moja, siku yenyewe ya kustaafu. Mama alifika alfajiri, akapanga majani saa mbili nzima, akaenda kuvua sare avae kitenge. Hapo ndipo nilipotekeleza mkakati wangu maarufu. Niliwasha mashine mpya ya kupuliza majani, yenye nguvu ya kuwaamsha hata bata wa mbali kule Upplands Väsby, na dakika moja baadaye njia ilikuwa tupu.

Mama alirudi Fumiko akiwa ameshafika getini. Aliyoniambia, kwa Kiswahili, Mashi ya kwao Bukavu na Kifaransa, hayachapishiki. La upole kabisa ni kwamba mimi ni ndoo isiyo na mshikio. Kisha akaushika mti wa pembeni akautikisa jinsi alivyotaka kunitikisa mimi. Majani yakaanguka yalikotaka. Muda wa kupanga haukuwepo.

Fumiko akapita. Katikati ya njia akasimama. Hakuinamia jani, alimwinamia Mama.

Basi Mama akaweka bunda lake la funguo juu ya jiwe la mlangoni, akapiga magoti, akaingia, kitenge na yote. Akaketishwa nafasi ya mgeni wa kwanza. Alilipokea bakuli kwa mikono miwili, akalizungusha kidogo ili asinywee upande wake mzuri, akanywa. Alisema ni chungu kama dawa ya minyoo, na kwamba angeomba la pili kama si haya.

Mama Célestine, asante kwa sakafu tulizoogopa kuzikanyaga na maandazi ya kila Jumatatu. Ukae salama Jordbro, magoti yapumzike, na majani ya mlangoni kwako yaanguke yanavyopenda.

Na kwa kuwa haya yatasomwa mbele ya watu: ule haukuwa mkakati. Nilikuwa najaribu mashine tu. Na mlipokuwa mnakunywa chai, mimi nilikuwa stoo, nimejificha nyuma ya ndoo zako.