Rambhaben Aliyeiogopa Amas

Wazee wetu, majirani wa Motipara, nanyi mliotoka mbali kuja kulia nasi, mimi ni Dhirubhai, mtoto wake wa kwanza, na familia imenituma niwasomee maisha ya mama yetu, tuliyezoea kumwita Ba.

Ba, Rambhaben Vashrambhai, alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1948, hapa hapa Motipara, pwani ya Bhavnagar, siku ya Amas katika mwezi wa Bhadarvo wa kalenda yetu, yaani siku ambayo mwezi hauonekani kabisa angani, na mama yake akafariki siku hiyo hiyo, ndipo nyanya yake alipomtazama yule kichanga akasema, "Huyu wa gizani atatumaliza," neno ambalo Ba alikua akilisikia mpaka akaliamini.

Alisoma shule ya kijijini kuanzia mwaka 1955 hadi darasa la nne, lakini majina ya siku za mwezi aliyajua kabla ya kuandika jina lake, tangu Bij, mwezi unapochungulia, na Atham, unapofika nusu, hadi Punam, unapojaa, kisha ile nusu ya kufifia iitwayo vad, na hapo alikuwa hagusi chakula, na hata alipokuja kuwa mama yetu, ikifika Chaudas, kesho yake Amas, alitufungia ndani. Mjomba wetu alimtania, "Dada, mwezi hata haukujui jina," naye akamjibu, "Unapojificha ndipo unaponiona mimi."

Alifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi tangu mwaka 1960, akaolewa na marehemu baba yetu, Vashrambhai, tarehe 12 Mei 1967, siku ya Trij, mwezi ukikua, siku aliyoing'ang'ania mwenyewe kwa woga, wakajaliwa watoto wawili, mimi mwaka 1969, na dada yangu Hansa mwaka 1973.

Tarehe 20 Agosti 1971, Amas ya mwezi wa Shravan, baba alishuka kwenye tope la pwani kumnasua ng'ombe wetu, naye mwenyewe akazama hadi mapajani, na ninyi mnajua bahari yetu inavyopanda siku hiyo, haitembei, inakimbia, wanaume wakapiga kelele "Maji! Maji!" wakatimua mbio. Ba alinikabidhi kwa jirani yetu Jamnaben, aliyemshika mkono, "Usiende, leo Amas!" naye akajikwanyua, "Najua ni Amas, niachie!" akaenda huku akilia kwa sauti, akalala kifudifudi juu ya tope, akamrushia baba ncha ya sari, akavuta mpaka maji yakawafika shingoni, wakatoka wakitambaa, na nyuma yao ng'ombe akalia, kisha hakusikika tena. Watu walidhani hofu ingemtoka, kumbe ilizidi, kwa kuwa sasa aliujua mlio wa yale maji, na mimi aliniambia, "Sikuwa jasiri, mwanangu, kubaki ndiko kulikoniogopesha zaidi."

Baba alitutoka mwaka 2009, na kuanzia mwaka 2021 Ba alisumbuliwa na figo, macho nayo yakapoteza nuru, akawa na ombi moja tu, asife siku ya Amas, akihofu ataondoka na mmoja wetu. Jioni ya tarehe 8 Aprili 2024 pumzi zilimwia nzito, akanibana kifundo cha mkono, akauliza, "Leo siku gani?" Tukatazamana, kwani ilikuwa Amas, ndipo Hansa aliposema, "Bij, Ba." "Mwezi umeonekana?" "Umeonekana, mwembamba kama ukucha." "Watoto wote wamo ndani?" "Wote wamo." Mkono ukalegea, akakata roho, na tangu saa ile hakuna hata mmoja nyumbani mwetu aliyethubutu kutoka nje peke yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliokesha nasi, wenzake wa mashamba ya chumvi, na Jamnaben, aliyekuja leo kwa mkongojo. Nawe Hansa, unayelia ukidhani umemkosea mama, umempa Bij yake mwenyewe, hofu iliyobaki ni yetu, tutaibeba.

Ba, wote tumo ndani. Lala bila woga.