Mama Geuka na Donge Lisilokuwepo

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mpimaji wa moyo ambaye hospitali nzima ilimwita Mama Geuka. Miaka ishirini na sita alipitisha kipimo vifuani mwa watu, macho kwenye skrini, akiwaambia wageuke kushoto, kisha wageuke tena. Hakuamini picha ya upande mmoja. Bintiye anasema hata maziwa aliyanusa mara mbili. "Na wachumba wangu pia," anaongeza.

Jumanne moja aliletewa fundi wa kuchomelea vyuma. Karatasi ilisema ana donge la damu ndani ya moyo, apasuliwe Alhamisi. Alhamisi, keshokutwa. Mkewe alikuwa ameshika tama, ndugu wameshaitwa.

Mama Geuka akatazama. Kitu kilikuwepo kweli, kama kamba nene, kimekatiza chumba cha chini cha moyo upande wa kulia. Akamgeuza fundi. Kamba ilishika kuta zote mbili, na moyo ukijikunja, nayo inajikunja. Hapo akashuku. Damu iliyoganda haijikunji yenyewe. Nyama ndiyo hujikunja. Kisha akajishuku mwenyewe: nikimzuia mtu huyu, akafa, je?

Akapiga moyo konde, akaenda kwa daktari. Daktari naye akamtilia shaka, akamkumbusha kwamba kazi yake ni kupiga picha, si kuamua.

"Sawa, mwanangu," alisema. "Vua shati, ulale hapa."

Daktari akalala, amenuna. Akageuzwa kushoto. Kamba ileile ikaonekana, nyembamba kidogo tu.

"Basi Alhamisi tutawapasua wawili."

Daktari akavaa shati, akaagiza fundi apimwe tena. Kipimo kingine kikathibitisha: ni msuli ambao kila moyo unao. Upasuaji ukafutwa. Fundi ndiye ambaye hakuamini. Alidhani wanamficha ili akafie nyumbani. Alirudi mara nne, na mara zote nne akageuzwa.

Mwaka huu ugonjwa wa moyo ulimfika Mama Geuka mwenyewe. Alidai kuiona picha aliyopigwa na mpimaji kijana. Akaomba ageuzwe tena. Bintiye akasubiri ubishi. Mama alitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Huyu kijana kapima vizuri. Nifunike, nasikia baridi."

Kwa binti, wajukuu na wenzake wa chumba kile cha vipimo, poleni sana. Nasi tuliobaki tutafakari: ukipewa habari nzito, uliza kama imetazamwa upande wa pili. Kuuliza si utovu wa adabu. Fundi yule bado anachomelea vyuma.